Utando wa Ng'ombe wa Arusi Yangu

Mimi ni mtoto wa mchinjaji, na tumbo la mbuzi nililijua kwa ndani kabla sijajua kusuka ukili. Naanza na hilo ili msomaji asishangae mwanamke mzima akieleza habari za matumbo kwa raha, kama wengine wanavyoeleza mapishi. Kama ni mtu wa kichefuchefu, na aufunge ukurasa huu akanywe chai. Sikumwandikia yeye.

Kwetu ni Mbekenyera. Baba alichinja siku za soko, mbuzi mara nyingi, ng'ombe kwa nadra, kwa sababu nchi yetu ina mbung'o na ng'ombe waliletwa kutoka mbali. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi ambayo sijaiona kwa mchinjaji mwingine tangu hapo. Akishachuna, alimtundika mnyama miguu juu, akatafuta kwa kidole ule mstari mweupe unaopita katikati ya tumbo, pale ambapo nyama ya upande mmoja hukutana na ya upande wa pili pasipo damu. Hapo ndipo alipopasua. Aliingiza vidole viwili, akaweka kisu kati yake, makali yakitazama nje, akateremka nacho polepole huku akiuvuta ukuta wa tumbo mbali na matumbo. Mchinjaji anayetoboa utumbo alimwona sawa na mpishi anayemwaga majivu chunguni.

Kisha mambo ya ndani yalijitokeza kila kitu mahali pake. Kwanza kitambi, lile shuka la mafuta lenye matundu matundu linalofunika matumbo. Baba alilifunua kwa mikono miwili. Chini yake palikuwa na tumbo kubwa lililojaa majani, bandama imelilalia ubavuni, ini upande wa pili chini ya kile kiwambo kinachotenga tumbo na mapafu, na matumbo membamba yaliyojikunja, yote yananing'inia kwenye utando mmoja ulioyashika mgongoni, mishipa ya damu ikionekana ndani yake. Figo hazikuwamo. Baba alipenda kuniuliza figo ziko wapi, nami nilipenda kumjibu: ziko nyuma ya utando, zimejificha mgongoni ndani ya mafuta yake, huzipati mpaka uupasue.

Maana tumbo zima limetandikwa utando. Umeufunika ukuta wote wa ndani, kuanzia chini ya kiwambo mpaka nyongani, halafu ukageuka ukavifunika na vitu vyenyewe, ini, tumbo, matumbo, kila kimoja na vazi lake, na hakuna mahali ulipokatika. Kwa mnyama mwenye afya unang'aa na una unyevunyevu kidogo, ndiyo sababu matumbo hupishana siku nzima bila kukwaruzana. Baba akishatoa yote, alikingamisha kijiti cha mwanzi ndani ya tumbo ili libaki wazi, akanawa mikono, akawaambia watu, "Pitisheni."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya soko letu. Hakuuza hata kipande kabla wanunuzi hawajapitisha viganja vyao juu ya utando. Wanawake walinawa, wakajipanga, kila mmoja akaingiza mkono. Kiganja kikiteleza, walinunua. Kikikwama penye vipele, au penye chembe, au mahali palipogandamana, mnyama huyo hakuuzwa, na baba alikwenda kumzika bila kununa sana. Nilikuwa nikipitisha kiganja changu tangu nikiwa nabebwa, sijui hata ninachokitafuta.

Sasa nakuja kwenye upumbavu.

Wazungu walipokuja kufyeka pori la Nachingwea ili walime karanga, waliwaita watu wetu wakawafanyie kazi. Walikuja na matrekta na minyororo mizito ya kung'olea miti, wakaing'oa nchi, wakapanda, karanga zikawakatalia. Hilo ni lao. Langu ni hawa wetu waliokwenda huko wakarudi wamejifunza kila kitu isipokuwa kulima. Walirudi hawali muhogo. Walirudi wanatembea na soksi za kufika magotini kwenye vumbi la Ruangwa, wanakuuliza saa na hali jua liko utosini. Na walirudi hawali nyama yenye "ngozi ya ndani."

Ngozi ya ndani ndilo jina waliloupa ule utando ambao mama zao walikuwa wakiupitishia viganja. Chanzo chake kila mtu alikijua, na kila mtu alijifanya hakijui. Kulikuwa na mchinjaji huko Nachingwea ambaye ng'ombe wake walifika kwa miguu kutoka bara, wengine wanakohoa. Alfajiri, kabla hajafungua duka, alikuwa akiubandua utando wote, mbavuni, tumboni, mpaka chini ya kiwambo, nyama ikabaki nyekundu tupu. Walipomuuliza kwa nini, akajibu kwamba Wazungu hawali nyama yenye utando. Basi. Hakuhitaji kusema zaidi. Mwanamume mzima aliyezaliwa Matambarale, aliyelelewa kwa mbaazi na panya wa shambani, akaanza kusema utando unamkwama kooni. Wazungu wenyewe nilikuja kusikia kwamba walikuwa wakila nyama ya makopo. Kopo halina utando, hilo nakubali.

Ujinga huo haukukaa Nachingwea. Ulipanda lori ukaja Ruangwa, ukaja na Mbekenyera. Wanawake waliokuwa wakijipanga kunawa wakaanza kusimama kando wameshika pua. Walisema nyama ya baba ni chafu, haijabanduliwa, ni nyama ya kishamba. Wachinjaji wengine wakaanza kubandua. Baba alikataa. "Anayebandua anaficha," alisema, akaendelea kuweka kijiti chake cha mwanzi na kusema pitisheni, wakati mwingine hakuna wa kupitisha ila mimi na mama.

Wakati huo ndipo nilipochumbiwa.

Kwetu mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba. Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa amepata usimamizi wa vibarua huko Nachingwea, na cheo hicho kilimwingia kichwani kama pombe ya mabibo. Yeye ndiye aliyemleta mchumba: dereva wa trekta, kijana wa Likunja, mrefu, mwenye kicheko cha kupendeza. Alikuja kwetu na kofia ya jua ameifunga kamba kidevuni, na miwani ya vumbi inaning'inia shingoni, ingawa hapakuwa na trekta wala vumbi. Nacheka leo. Siku ile sikucheka. Nilimtaka, nasema wazi. Nilijiona nimekaa mbele ya nyumba ya bati huko Nachingwea, nimejifunga kanga mpya, nikisikia trekta yake ikirudi. Nilikuwa msichana aliyetoka unyagoni, na moyo wangu wote ulikuwa kwenye arusi ile. Ningevunjiwa ningekufa, hivyo ndivyo nilivyodhani.

Siku moja kabla ya ndoa, bwana arusi akafika na lori na ndugu zake na ng'ombe wa karamu. Ng'ombe huyo alikuwa zawadi yake kwetu, na alishushwa kwa kelele kana kwamba kashushwa tembo. Nchi yetu ya mbuzi ikatoka nje kumtazama. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa barabarani. Alikohoa. Baba alimzunguka, akamshika chini ya shingo, hakusema kitu, kwa sababu zawadi ya mkwe huikagui mbele ya mkwe.

Mjomba akamjia. "Shemeji, kesho nyama ibanduliwe. Wageni hawa ni watu wa Nachingwea, hawali ngozi ya ndani. Usinitie aibu."

"Tutamtazama kwanza, shemeji," baba akasema.

"Tutamtazama nini? Ng'ombe ni ng'ombe."

Asubuhi ya arusi nilikuwa ndani na somo wangu, mama mtu mzima aliyenifundisha unyagoni, mwenye kazi ya kunikalisha kimya mpaka ndoa ifungwe. Mikono yangu ilikuwa imepakwa hina. Lakini ukuta wa chumba kile ulikuwa wa fito na udongo, na udongo ulikuwa umemeguka upande wa uani, kwa hiyo niliona yote. Somo alinivuta mara ya kwanza na ya pili, kisha akaja kuchungulia na yeye.

Baba alichinja, akachuna, akatundika. Akaingiza vidole viwili, akateremka na kisu. Alipoufungua ukuta wa tumbo, niliona mgongo wake ukiganda.

Hapakuwa na mng'ao. Mahali ambapo utando ungetakiwa uwe laini na wenye unyevu, palikuwa na punje. Zilikuwa nyingi kama mtama uliomwagika, za rangi ya kijivu, nyingine moja moja, nyingine zimeshikana mafungu mafungu zinaning'inia ukutani kama shanga. Zilitapakaa chini ya kiwambo, zikashuka mbavuni, zikaingia mpaka kwenye kitambi. Ini lilikuwa limegandamana na kiwambo, baba akalazimika kulikwangua ili litoke. Alinawa mikono, akapitisha kiganja. Sikuhitaji kuwa karibu kujua kwamba kimekwama.

Akamwita bwana arusi. "Mkwe, njoo upitishe."

Alikuja, miwani yake shingoni, kanzu nyeupe. Akatazama ndani ya tumbo. Na hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize, maana watu wamekuja kuniambia baadaye kwamba alikuwa kijana tu, hakujua. Alijua. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyeona nyoka kwenye kitanda chake. Mikono yote miwili akaitia kwenye mifuko ya kanzu. Kisha akageuka kutazama nani mwingine ameona. Alipoona ua mtupu, akamwambia baba kwa sauti ya chini, "Baba, uubandue tu. Nani atajua?"

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu mawili kupitia ukuta uliomeguka.  Somo wangu akasema polepole, "Mama yangu."

Baba akasema, "Ng'ombe huyu simlishi mtu. Nitamzika, tuchinje mbuzi wangu."

Mjomba akatokea mbio, maana habari ya kuzika zawadi mbele ya ndugu wa bwana arusi ilikuwa imemfikia. Hakutazama ndani ya tumbo hata kidogo. Akamnyang'anya baba kisu. "Ng'ombe ni wa mkwe na mtoto ni wangu," akasema. "Wewe ulichonacho hapa ni kisu tu." Akaanza kubandua mwenyewe, upande mmoja wa mbavu, kwa pupa, akirarua, anatoka jasho. Zile punje zikaondoka pamoja na utando, na nyama ikabaki nyekundu, safi, ya kupendeza macho. Ndiyo nyama ya Nachingwea hiyo. Nilikuwa nikisikia sifa zake, siku ile nikaiona ikitengenezwa.

Baba alisimama kando akitazama mikono yake. Angeweza kupigana. Lakini ilikuwa arusi ya mwanawe, wageni wameshajaa barazani, mwalimu wa madrasa ameshatandika mkeka wa kufungia ndoa. Mwalimu akamwita, maana baba ndiye walii wangu, mwenye haki ya kuniozesha, na kwanza ilimpasa aje aniulize kama nimeridhia.

Desturi yote inajulikana. Mwari anaulizwa, mwari anainama, ananyamaza, ananyamaza tena, somo anasema ameridhia, vigelegele vinapigwa. Hakuna anayetazamia jibu. Baba akaja mlangoni, akapiga hodi nyumbani mwake mwenyewe. Alikuwa bado ananuka damu.

"Mwanangu," akasema, "nimekuja kukuuliza kama inavyotakiwa. Ukiridhia, nitakwenda kukuozesha sasa hivi, na habari ya ng'ombe tutaimaliza mimi na mjomba wako. Sitaki uolewe kwa ajili ya kisu changu, wala sitaki ukose kuolewa kwa ajili ya kisu changu. Umeridhia?"

Somo akanifinya pajani, maana yake ninyamaze. Na nilikuwa karibu kunyamaza. Nilimfikiria yule dereva na kicheko chake na nyumba ya bati. Kunyamaza ni jambo dogo sana, ndiyo maana wasichana hufundishwa. Halafu nikamwona baba alivyosimama, ameiweka nyuma mikono yake iliyonyang'anywa kisu, na hasira ikanipanda ambayo sijawahi kuwa nayo kabla wala baada.

"Baba," nikasema, na somo akaguta, "mwambie nimeridhia. Ila kwanza achomewe mbavu za ng'ombe wake, zilizobanduliwa vizuri kama anavyotaka. Aletewe sahani, ale mbele ya watu. Akila, niozeshe."

"Na akila kweli?" somo akauliza, macho yamemtoka.

"Akila nitajua alidanganyika kama wenzake. Mjinga naweza kuishi naye."

 Baba akatoka. Mama yangu, aliyekuwa jikoni na aliyesikia kila kitu, alichoma mbavu zile yeye mwenyewe. Zilinukia vizuri mno. Nyama haina aibu. Alizipanga kwenye sahani yetu ya maua, akaifunika kawa, baba akaipeleka barazani akaiweka mbele ya bwana arusi. Nikahamia ukuta wa upande ule, nikapanua tundu kwa kidole chenye hina.

"Mwari ameridhia," baba akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Anaomba kwanza mkwe wetu aonje zawadi yake. Imebanduliwa."

Watu wakacheka, wakaona ni utani wa arusi. Bwana arusi naye akacheka, kile kicheko kizuri. Akafunua kawa, akatazama, akafunika. Akasema ameshakunywa chai ya asubuhi, tumbo limejaa. Baba akasema kipande kimoja tu. Bwana arusi akasema kabla ya ndoa mtu hawi na hamu ya kula. Akaisukuma sahani kwa mjomba, kwa heshima kubwa, mkubwa aanze. Mjomba wangu, aliyebandua kwa mikono yake, aliyesema ng'ombe ni ng'ombe, akashika shavu akasema jino linamuuma. Jino! Alikuwa ametafuna miwa jana yake mpaka usiku. Akaipeleka kwa kaka wa bwana arusi, ambaye bila shaka alikuwa amekwisha nong'onezwa, naye akasema hali nyama ya kuchoma. Sahani ile ikaizunguka baraza yote ya watu wa Nachingwea, wenye soksi ndefu, wasiokula ngozi ya ndani, na kila mmoja alikuwa na ugonjwa wake mpya. Kicheko cha wageni wengine kilikuwa kimeshakwisha. Ilirudi mbele ya baba vipande vyote vimo, mafuta yameanza kuganda.

Mwalimu aliutazama mkeka wake. Kisha akaukunja.

"Hiki ndicho mlichotaka tuwalishe watu?" akauliza. 

Sitaeleza kelele zilizofuata, matusi kwamba tumewadharau, kwamba mtoto amelelewa vibaya, kwamba watu wa Mbekenyera hawajastaarabika. Bwana arusi alipanda lori akiwa wa kwanza, akavaa miwani yake ya vumbi. Safari hiyo angalau vumbi lilikuwapo. Mjomba alipanda nao, na ilipita mvua ya mwaka huo na ya mwaka uliofuata kabla hajaja tena kwa dada yake. Baba akachinja mbuzi wake, wageni waliobaki wakala, na niliwaona wanawake, walewale waliokuwa wakishika pua sokoni, wananawa na kujipanga bila kuambiwa.

Nililia, msomaji asidhani nilikuwa jiwe. Nililia mpaka wanja ukanifika kidevuni. Somo hakunikataza. Kazi yake ilikuwa kunikalisha ndani mpaka ndoa ifungwe, na ndoa haikufungwa, kwa hiyo nilipoinuka nikatoka alinipisha mlangoni.

Baba alikuwa nyuma ya nyumba, ameshachimba shimo. Nusu ya ng'ombe ilikuwa nyekundu, ile aliyobandua mjomba. Nusu ya pili ilikuwa bado na utando wake. Kijiti cha mwanzi kilikuwa palepale. Nilisogea na mavazi yangu ya arusi, nikaingiza mkono wenye hina, nikapitisha kiganja kutoka chini ya kiwambo mpaka kiunoni. Tangu utoto nilikuwa nimezoea kuteleza. Kilikwama, kikakwaruzwa, kikakwama tena.

"Umesikia?" baba akaniuliza.

"Nimesikia."

Akachukua kata, akanimiminia maji. Nilisugua kwa mchanga na kwa sabuni, mara nyingi, yeye akimimina bila kunihimiza. Damu ilitoka yote. Hina haikutoka.